Yah: Mimi Kuchorwa kwa Mpako Mmoja wa Brashi

Kitongoji cha Kumusenyi,
Barabara ya Kibondo,
Wilaya ya Kasulu.

Kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya,
Kasulu.

Ndugu Afisa Nurudini,

Pole na majukumu. Sisi huku hatujambo, mvua inanyesha kwa adabu, maharage yameanza kutoa maua, na kama si jambo hili ninalokuandikia ningesema hatuna neno. Lakini tunalo. Nimeanza kwa salamu kwa sababu nililelewa, usije ukadhani nimetulia.

Kwa kuwa wewe umehamishiwa hapa kutoka Tanga juzijuzi tu, huenda hunifahamu. Mimi ni Makarius Mpawenimana, katibu wa Baraza la Ardhi la kijiji chetu. Kazi yangu ni mipaka. Watu wakigombana shambani, mimi ndiye ninayekwenda na kamba na jembe, tunatembea kutoka mnyaa hadi mnyaa, maana huku minyaa ndiyo tunayopanda mpakani tangu enzi za babu zetu. Pale ambapo mnyaa umekufa, au umehamishwa na mtu asiye na haya, tunachimba mpaka tulione shina la zamani. Ndiyo kusema mimi nimezoea vitu vyenye mwanzo na mwisho. Naomba ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Sasa, wewe mwenyewe kwa mkono wako ulimruhusu Mwalimu Kudra, yule mama wa Pangani anayefundisha sekondari yetu, atumie ghala la zamani la chama cha ushirika kila Jumamosi, awafundishe akina mama kuchora kwa rangi za maji. Barua yako ya ruhusa ilibandikwa mlangoni, ikisema lengo ni kukuza vipaji. Hatukupinga. Tulidhani watachora maua kwenye vitambaa vya makochi. Mke wangu Generosa aliponiaga, nilimwambia nenda mama, nikijua atarudi na kitambaa. Kitambaa sijakiona hadi leo.

Kumbe wanachofundishwa ni mtindo wa Wafaransa wa zamani uitwao impreshonisti. Nimeuliza maana yake mara nyingi, hata kwa watu wasiohusika, na kwa kadiri nilivyoelewa ni kuchora mahali kama palivyokupitia machoni ghafla, kabla hujajua ulichokiona ni nini. Mimi nikiona kitu kabla sijajua ni nini, huwa natafuta fimbo. Wao wanatafuta brashi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia lile ninaloweza kulisema bila kupandisha sauti.

1. Bati langu halimo.

Generosa amechora kilima chetu akiwa amekaa upande wa barabara, na nyumba yangu imo kwenye picha. Bati lake halimo. Pale panapotakiwa kuwa bati pana karatasi tupu, kama ilivyotoka dukani. Nilipouliza nikaelezwa kuwa katika rangi za maji nyeupe haipakwi. Kitu kinachong'aa unakiruka, karatasi yenyewe ndiyo inang'aa kwa niaba yake. Eti bati langu limerukwa kwa heshima. Jamani! Tangu lini kumruka mtu kukawa ni kumheshimu? Halafu angalia jiko letu la nje, lile la nyasi zilizooza ambalo nilikuwa nimepanga kulibomoa: hilo limepakwa kahawia, manjano, kijani cha ukungu na hata wekundu fulani ambao mimi sijawahi kuuona jikoni kwangu.

Nilikwenda kwa Mwalimu Kudra mwenyewe. Alinikaribisha vizuri, akanipa kahawa, akanieleza kwa kile Kiswahili chao cha pwani kinachokufanya ukubali kabla hujaelewa, kwamba wao hawachori nyumba, wanachora mwanga uliotua juu ya nyumba. Nikasema ahsante, nikaondoka. Nilipofika njiani ndipo nikapata jibu, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Jibu ni hili, nalileta kwako: mwanga ulitua pale kwa sababu kuna bati. Na bati lile nililipigilia mimi, juani, misumari mdomoni, hadi nikateleza nikaangukia kuni.

2. Vivuli.

Kwenye picha hiyo vivuli ni vya zambarau. Nasema zambarau, ile ya tunda. Nilimtoa mke wangu nje mchana kweupe, nikamwonyesha kivuli changu kimelala chini, cheusi kama vivuli vya watu wote waaminifu. Akaniambia nitazame vizuri. Nikatazama vizuri. Shida iliyoko, Ndugu Afisa, ni kwamba tangu siku ile mimi nami naona zambarau kidogo, hasa jua likiwa limeinama na udongo huu wetu mwekundu. Sikuomba. Sikujiandikisha. Mtu wa umri wangu anabadilishiwa kivuli chake bila kushirikishwa, hilo nalo sheria inasemaje?

3. Hali ya nyumbani.

Kikombe changu cha chai, kile chenye mpini uliopinda, ndicho kinachooshea brashi. Juzi nilipiga funda moja nikahisi ladha ya chaki. Nilipolalamika niliambiwa samahani, ile ilikuwa mbingu. Uji wa asubuhi nao unachelewa kwa sababu ukungu wa bondeni haungoji mtu. Jua likipanda tu umekwenda, hivyo lazima ukungu uhudumiwe kwanza, mume baadaye. Na uji ukishikana chini ya sufuria, Generosa anainama, anautazama, anasema umepata rangi nzuri. Siwezi kula rangi nzuri. Nimejaribu.

4. Kufinya macho hadharani.

Hili ndilo limevuka mipaka ya familia. Ghalani wanafundishwa kwamba ili uone mahali vizuri inabidi ufinye macho, hadi vitu vidogovidogo vyote vipotee, yabaki mapande makubwa tu ya giza na mwanga. Mwanamke mmoja akifanya hivyo kwake ni jambo lake. Lakini akina mama wa ghalani ni wengi, kila mmoja ana mume na watoto na mawifi, na ugonjwa umeenea. Wanafinya macho sokoni wakitazama mafungu ya mihogo. Wanafinya kanisani. Nimemwona kijana wa bodaboda ameegesha pikipiki pale mteremkoni, abiria yuko nyuma, wote wawili wamefinya macho wanatazama upande wa Kibondo ambako hakuna kitu chochote isipokuwa kuchelewa.

Mkutano mkuu wa kijiji uliopita nilisimama kusoma taarifa ya Baraza. Nikainua uso kidogo kupumua: safu za mbele zote zimenifinyia macho. Ndugu yangu, huku kwetu mtu akikufinyia macho wakati unaongea, amekuambia unadanganya, tena mbele ya watu. Nikaruka aya nzima kuhusu njia ya mifugo, nikajikuta naeleza jinsi ya kutunza kamba isiliwe na panya, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Nilipokaa, mama mmoja akaninong'oneza kwa upole kuwa niwe na amani, walikuwa wanaangalia tu jinsi koti langu linavyoshikana na ukuta. Koti langu halijashikana na ukuta wowote! Nilikuwa nimesimama mbele yake.

5. Kuharibiwa kwa kesi iliyokuwa inakwenda vizuri.

Jirani yangu wa upande wa chini ni Ndayikunda. Mimi na yeye tuna mgogoro wa mpaka, mgogoro mzuri, wa siku nyingi, wenye mashahidi pande zote mbili. Kule chini karibu na mparachichi minyaa ilikauka, yeye anasema mpaka unapita juu ya mti, mimi nasema unapita chini yake, na kila msimu wa maparachichi tunakumbushana. Sasa Generosa wakati wa kuchora aliilowesha kwanza karatasi kwa maji, ndivyo wanavyofundishwa, halafu akagusa kijani cha maharage yangu upande huu na kijani cha migomba ya Ndayikunda upande ule. Vile vijani vikakimbiliana. Vikakutana palepale penye mgogoro, vikaingiliana kama watu wa ukoo mmoja. Nilipomwuliza mpaka uko wapi, alisema rangi ilimkimbia kabla hajaishika, ila ilikimbia vizuri.

Ndayikunda akasikia. Ndayikunda husikia kila kitu. Alikuja nyumbani wakati sipo, akaiazima ile picha kwa mke wangu, na siku Baraza lilipokuja kuukagua mpaka akaitoa chini ya kanzu, akaikabidhi kama kielelezo cha mlalamikaji. Akasema mke wa katibu mwenyewe, aliyekaa barabarani asubuhi nzima akiangalia, hakuona mpaka.

Mimi kwa kuwa nilikuwa mlalamikiwa sikuwa kwenye kiti changu. Nilisimama pembeni kama mtu wa kawaida. Nilitegemea wajumbe wacheke, warudishe karatasi ile, watoe kamba. Lakini wajumbe wetu nao wana wake, na wake wako ghalani. Waliisimamisha picha kwenye shina la mparachichi. Wakaanza kurudi kinyumenyume, kama wake zao wanavyofundishwa, wakiifinyia macho. Mwenyekiti akarudi nyuma sana akakalia tuta la viazi vitamu, na hakuinuka, akasema hata kutoka pale panaonekana vizuri. Ndipo mjumbe mmoja, mtu mzima, mwenye wajukuu, akatamka kwa sauti ya kikao kwamba mpaka ule hauwezi kuamuliwa saa sita mchana, mwanga umelala, tungoje jua lishuke.

Na wakangoja! Baraza la Ardhi lililoundwa kwa mujibu wa sheria lilikaa kwenye nyasi likingojea mwanga. Watu wakatoa mahindi ya kuchoma. Jua likashuka, likapenya upande wa kilima, minyaa yote iliyobaki ikawa kama imepakwa asali, bonde likajaa ule moshi wa majiko ya jioni, na watu wakasahau mahindi mikononi. Hata mimi. Ndayikunda aliitazama picha, akalitazama bonde. Halafu akasema amezaliwa pale, amelima pale, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa panafanana hivyo. Akaiondoa kesi. Alichoomba ni kimoja tu, ng'ombe wake naye aongezwe kwenye picha.

Tangu hapo, Ndugu Afisa, ofisini kwetu ni kupiga miayo. Watu wenye mashamba yanayopakana wanakaa mpakani jioni, wanatazama. Maparachichi tunagawana, jambo linalochosha kweli, maana ananiletea mwenyewe hadi mlangoni na inabidi nimkaribishe.

6. Ng'ombe aliongezwa. Ng'ombe ana pembe zote mbili.

7. Mimi.

Sasa nimefika. Hayo mengine yote nilikuwa napasha moto.

Kwenye picha ile, chini ya nyumba, kando ya maharage, pana mpako mmoja wa rangi ya udongo. Urefu wake hauzidi ukucha. Umewekwa mara moja, juu kwenda chini, umepinda kidogo, basi. Mwanzo nilidhani ni kisiki. Nikamwuliza Generosa ni kisiki kipi, maana nilishang'oa vyote upande ule, na najivunia kuving'oa. Akasema siyo kisiki, ni wewe.

Nilitafuta kichwa changu. Nilitafuta mikono. Nikamwambia labda rangi ilikwisha, niongezee hata masikio. Akasema haiwezekani. Rangi za maji hazirudiwi; ukiweka mpako ukakaa vizuri unauacha hivyo hivyo, ukiurudia unachafuka. Akasema huu umekaa vizuri, na akaenda kuwafungia mbuzi.

Ndugu Afisa, mimi nimeishi na mwanamke huyu tangu hatuna sufuria yenye mfuniko. Tumezaa, tumezika, tumejenga. Amenikanda mgongo nilipoanguka kutoka kwenye lile bati asilotaka kulipaka. Na siku alipokaa chini kuyaweka maisha yetu kwenye karatasi, kilima kilipata asubuhi yake nzima, ukungu ukatazamwa tena na tena hadi ukaridhika, jiko la nyasi likapata rangi zote hizo nilizokutajia, ng'ombe wa jirani akapata pembe. Mimi nikaguswa mara moja na brashi ikaenda kuoshwa kwenye kikombe changu mwenyewe.

Niliumia. Naliandika neno hilo kama lilivyo, wala silipambi: niliumia. Sikuwahi kumwuliza mke wangu ananionaje, mtu haulizi mambo hayo, unakula unalala unaamka. Sasa nimejibiwa bila kuuliza, na jibu lenyewe ni fupi kuliko ukucha.

8. Kupelekwa kwangu Kibondo.

Ningeyameza haya yote kama picha ingebaki nyuma ya mlango wa chumbani. Lakini siku yao ya uchoraji iliyopita, gari la Daktari Brighton wa hospitali ya Kibondo lilikuwa linapita kurudi huko, likasimama, daktari akashuka akafinya macho (naye!), na akaomba picha ya Generosa akaitundike pale wagonjwa wanapokaa kusubiri. Ijumaa ijayo gari linakuja kuichukua. Kijiji kizima kimempongeza mke wangu. Amenunuliwa soda.

Hebu fikiria hali yangu. Hapa Kasulu, mtu akiniona vile ukutani, yupo atakayesema hapana, huyu namjua, ana miguu. Kibondo sijulikani. Na mgonjwa anayesubiri kuitwa hana kazi nyingine isipokuwa kutazama ukuta. Watanitazama wenye homa, wenye majipu, akina mama waliobeba watoto, wote watasema kilima kizuri, ukungu mzuri, ng'ombe mzuri, na hicho kisiki kwa nini hawajaking'oa.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako ichukue hatua, na kwa haraka, kabla ya Ijumaa:

Kwanza, nichorwe upya nikiwa na kichwa, masikio, koti la kijivu na miguu yote. Sitaki ukubwa, inatosha nimzidi ng'ombe.

Pili, mpaka wangu na Ndayikunda upigwe rula, kwa wino, na bati langu lipakwe rangi ya bati.

Tatu, utoe waraka wa kurudisha vivuli kuwa vyeusi katika wilaya nzima. Ukiweza ongea na wenzako wa Kibondo na Buhigwe wafanye hivyo siku moja, tusije tukawa na watu wanaobadilika kivuli wakivuka wilaya.

Nne, kufinya macho kuruhusiwe kwa wenye kibali tu, na kamwe si wakati mtu anasoma taarifa.

Tano, ukungu wa bondeni upangiwe muda, baada ya uji.

Na kama yote hayo yatakushinda, basi darasa lifungwe, brashi zirudi Pangani, na ghala lirudishiwe magunia yake. Ila kuna la sita, na hili ndilo ningeomba lisikose hata kama mengine yote utayatupa: Generosa aandikiwe barua ya kiofisi, yenye muhuri, nakala kwangu, imwagize anitazame mimi kwa muda usiopungua ule anaoutazama ukungu. Simwombi zaidi ya hapo.

Ndimi katika ulinzi wa mipaka, nikiwa bado na kichwa na miguu yangu yote,

Makarius Mpawenimana,
Katibu, Baraza la Ardhi la Kijiji.

Nisalimie mama watoto wako na watoto, mlinzi wenu wa getini aliyeniazima mwavuli siku ile, na yule dada wa masjala anayecheka hata kama hakuna kitu. Mwalimu Kudra ukikutana naye msalimie pia, hatujagombana, na kahawa yake ilikuwa nzuri. Ndayikunda anakusalimu. Tumekaa naye hapa barazani ninapoandika, amenisaidia kwenye namba sita.

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, Paroko, Bi. Generosa (kwa mkono, jikoni).

N.B. Barua naituma kama ilivyo kwa kuwa muhuri wa Baraza umeshagongwa, na karatasi yenye muhuri haichanwi. Lakini naomba ukifika hapa usichukue hatua yoyote, na kama ulianza kuchukua ukiwa katikati ya kusoma, uache.

Leo dada yangu amemleta mama yetu, Bi. Rosa, kutoka Munanila. Wamepitia hospitali ya Kabanga akatazamwa macho. Mtoto wa jicho amemfunika pande zote mbili, kijiko chenyewe anakitafuta kwa vidole, na wamemwambia arudi apasuliwe, kwa hiyo atakaa kwangu kwanza. Nami, nitakwambia ukweli, nilipomwona anashikwa mkono kupanda ngazi, nilifurahi kwa sababu mbaya. Nilikuwa nimepata shahidi. Nilichukua ile picha nikamwekea mapajani, Generosa akiwa amesimama palepale, ili mama aseme haoni kitu, nami niongeze namba tisa.

Mama aliiinua hadi pua ikagusa karatasi. Akaanza kuisogeza polepole mbele ya uso wake, akiigeuzia mlangoni kwenye mwanga. Akasema huku ni nyumbani. Akautaja ukungu wa bondeni, akasema siku hizi yeye huuona kila mahali, hata ndani, ila huu ndio wenyewe. Akasema bati la mwanawe linamchoma macho. Kidole chake kikashuka chini ya nyumba, kikasimama kando ya maharage, juu ya ule mpako. Akauambia kwa Kiha utoke juani, uje ule, chakula kinapoa. Halafu akamwuliza Generosa nimesimama pale tangu saa ngapi, maana nikiegemea mguu mmoja hivyo, kama baba yangu alivyokuwa akifanya, ujue nina njaa na nina hasira na sitaki kusema.

Generosa alinitazama. Sikumbuki kama nilimtazama nami au niliangalia chini.

Mimi nilikuwa karibu tu na mama. Nikakohoa, kama ninavyokohoa kila nikisogea kwake, maana ni muda mrefu sasa ananijua kwa kikohozi tu, uso wangu hauoni. Akaninyooshea kiganja bila kugeuka. Akasema ningoje kidogo, anamwangalia Makarius.

Mpako ule usiguswe na mtu yeyote. Na umwambie Daktari Brighton, kwa heshima zote, Ijumaa gari lisije. Mama hajamaliza kutazama.